Pizo Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Kukatishwa

Kama uko gereji hapo Mwanjelwa, Mbeya, mikono imejaa grisi na redio imetundikwa ukutani, usibadilishe stesheni. Mazungumzo ya leo ni yako. Na wewe mwenye gari uliyeketi kwenye benchi ukisubiri kutajiwa bei, sogea karibu, maana wa kulipa ni wewe.

Leo nazungumzia injekta za pizo, aina mojawapo ya vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda. Zimetufikia ndani ya magari ya dizeli yaliyotumika Ulaya: baadhi ya Range Rover, Mercedes, Audi, BMW, Peugeot. Malori mengi yanayopita barabara ya TANZAM kwenda Tunduma hayana injekta hizi. Yana zile za sumaku, ambazo mafundi wetu wanazijua nje ndani. Na shida inaanzia hapo hapo. Mkono uliozoea sumaku ukishika pizo, unaweza kuua kitu kizima bila kujua. Gari linaingia gereji na injekta moja mbovu, linatoka na mbili, halafu tunaambiwa ile ya pili nayo ilikuwa imeshachoka.

Mimi nasema hivi: pizo haifi kwa kufanya kazi. Inakufa kwa kushtuliwa, kwa kuvutwa na kwa kukatishwa ghafla. Na mara nyingi hayo huipata mikononi mwetu, wala si barabarani.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele kama kwatzi na tumalini zikikandamizwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akaonyesha kwa hesabu kwamba na kinyume chake lazima kiwepo: ukiipa fuwele umeme, itabadili umbo. Ndugu wale wakajaribu, wakakuta ni kweli. Ile sehemu ya kwanza huenda unayo jikoni. Kiberiti cha jiko la gesi cha kubofya, kinachotoa cheche bila betri, kina kipande cha pizo kinachogongwa na kinyundo chenye springi. Injekta inatumia sehemu ya pili: umeme unaingia, kitu kinatanuka.

Ndani ya injekta ya pizo hakuna koili. Kuna mamia ya vipande vyembamba vya kauri, kila kimoja hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, vimepangwa juu kwa juu mpaka vikafikia urefu wa sentimita 3 hivi. Kauri yenyewe ni mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani. Kompyuta ya gari ikiupa mnara huo volti 100 na zaidi, unarefuka kwa kama sehemu ya 25 ya milimita. Kwa jicho huoni kitu. Lakini jaribu kuuzuia usirefuke, utakusukuma kwa nguvu inayoweza kuinua zaidi ya kilo 100. Na unafanya hivyo kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Ndiyo maana Wajerumani waliukimbilia. Siemens waliutia kwenye magari ya kuuzwa sokoni mwaka 2000, Bosch wakafuata, na mwaka 2005 wahandisi wa kampuni hizo mbili, Friedrich Boecking, Klaus Egger na Hans Meixner, wakatunukiwa pamoja ile tuzo ya Rais wa Ujerumani ya teknolojia kwa ajili ya injekta hii.

Sasa tupige hesabu ya kazi yake. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupuliziwa mafuta mara 1,000. Dizeli ya kisasa haipulizi kwa mkupuo mmoja. Inagawa vipande vipande ili injini isigonge na moshi upungue. Tuseme vipande 4. Hiyo ni mara 4,000 kwa dakika. Ukiendesha saa 5 kutoka Mbeya kwenda Iringa, kila injekta imetanuka na kurudi mara milioni 1.2. Endelea mbele ya Iringa, teremka mlima Kitonga, na siku ya kurudi uupande. Pale kwenye kupanda injini inalia, mafuta yanaingia kwa wingi, joto liko juu, na pizo haipasuki. Inawezaje kuvumilia yote hayo, halafu ije ife gereji injini ikiwa sailensa, inaunguruma tu gari limesimama?

Jibu liko kwenye tabia ya kauri. Fikiria lori limebeba matofali ya kuchoma yaliyopangwa bila udongo katikati. Yaongezee uzito juu, yatastahimili. Lakini dereva akishika breki kwa nguvu, rundo linaachana, kwa sababu hakuna kilichoshika tofali la juu na la chini. Mpakizi mwenye akili hukaza kamba kutoka juu mpaka chini, na matofali yakibanwa hivyo hata breki ya ghafla hayaiogopi sana. Pizo ni vivyo hivyo. Ikikandamizwa ni jasiri. Ikivutwa, inapasuka kwa nguvu iliyo sehemu ndogo tu ya ile inayoweza kuibeba. Kwa hiyo watengenezaji huifungia ndani ya springi ya chuma yenye umbo la bomba, inayoibana muda wote hata gari likiwa limelala. Hiyo ndiyo kamba yetu.

Springi ile ina kazi kubwa zaidi wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda. Umeme ukiondolewa, kauri inanywea kwa kasi, lakini chuma kilichokuwa kinasukumwa bado kina mwendo wake. Pasipokuwa na kitu cha kukirudisha, kauri inatangulia na chuma kinabaki nyuma, na hapo ndipo mvutano unapozaliwa. Kompyuta ya gari nayo inasaidia. Haimwagi umeme wote kwa pigo moja wala haiukati kwa mkasi. Inaupandisha na kuushusha kwa mteremko uliopimwa. Kuanza kwa utaratibu na kuacha kwa utaratibu ndiko kunakoiwezesha kauri kufanya kazi mamilioni ya mara. Vuruga utaratibu huo mara moja tu, kazi ya miaka inakwisha.

Sasa twende gereji. La kwanza ni kuchomoa soketi. Gari linamisi. Boneti iko juu, injini inawaka, inatikisika. Fundi anamwambia kijana wake, "Dogo, kanyaga mafuta kidogo, shikilia hapo hapo." Anapeleka mkono, anachomoa soketi ya injekta ya kwanza, anasikiliza. Mlio umebadilika, basi silinda hiyo ilikuwa nzima. Anairudisha, anachomoa ya pili. Ufundi huu ni wa siku nyingi, na kwa injekta ya sumaku hauna ubaya mkubwa: ukikata umeme, sumaku inaachia, springi inafunga, mafuta yanasimama.

Kwa pizo, mambo ni kinyume. Pizo hutunza umeme. Ukiuchomoa waya wakati kauri imejaa, umeme unabaki umefungiwa ndani, kauri inabaki imetanuka, na injekta inabaki wazi. Nje yake kuna reli, yaani bomba la kugawia injekta zote mafuta, yenye mafuta yaliyokandamizwa kwa mamia ya baa, na gari likikanyagwa yanazidi 1,000. Watengenezaji waliliona hilo, wakaweka kizuizi kidogo cha umeme, yaani rizista, pembeni ya kauri ili umeme uliokwama upungue taratibu. Lakini taratibu hiyo inaweza kufika karibu sekunde nzima. Injini ikiwa sailensa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, sekunde moja inatosha silinda hiyo kupitia mizunguko ya kazi 6 hivi huku mafuta yakimwagika bila mpangilio. Yanaweza kuosha oili kwenye ukuta wa silinda, yakayeyusha kichwa cha pistoni, au yakajaa mpaka pistoni ikakosa pa kwenda na rodi ikapinda. Na soketi inapochomolewa na kurudishwa kwa mkono, chuma hugusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kutulia. Kila mguso ni cheche, na kila cheche ni pigo kwenye kauri na kwenye kontroli boksi.

Basi fundi afanyeje? Aunganishe mashine ya kupimia, aiambie kompyuta izime silinda moja moja. Kompyuta inajua kuacha kwa utaratibu. Mashine hiyo hiyo pia itamwonyesha ni silinda gani inaongezewa mafuta na ipi inapunguziwa, na mara nyingi hapo jibu limeshapatikana bila kugusa waya. Kama hana mashine, azime gari, asubiri, achomoe, kisha awashe. Kumbuka maneno matatu: zima, subiri, chomoa. Na kusubiri ni kwa usalama wa fundi mwenyewe pia, kwa sababu volti zile zinarusha mkono wa mtu.

La pili ni vipimo. Fundi anaichukua injekta mezani, anaigusisha waya za betri ili asikie "tak." Ya sumaku italia. Ya pizo itakaa kimya, naye atatangaza kwamba imekufa. Haijafa, volti 12 ni chache mno kwake. Hasara yako hapo ni kununua injekta usiyoihitaji. Kibaya zaidi ni yule anayesema, "Kama 12 hazitoshi, tuipe za ukutani." Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, lakini kwenye kilele chake unapita 320, na unageuka kwenda mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Kauri ya pizo ilipotengenezwa, ilipewa umeme mkali ili chembe zake zielekee upande mmoja. Ukiipa umeme wa kinyume, hata wa sehemu ya tano ya volti zake za kazi, unaanza kuivuruga. Ukiipa wa ukutani, unaivuruga na kuitoboa kwa pamoja.

Kipimo cha halali ni multimita kwenye upande wa omu. Injekta ya sumaku mara nyingi haifiki hata omu 1. Ya pizo itakupa kati ya omu 150,000 na 200,000 kwa aina nyingi. Hiyo ni ile rizista niliyoitaja. Ukikuta karibu na sifuri, ndani pameungana, pengine mafuta yamepenya kwenye kauri. Ukikuta multimita haisomi chochote, waya umekatika ndani. Na ikisoma sawa usishangilie, kwa sababu kauri inaweza kuwa na ufa huku rizista ni nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wa kauri hauzibiki hata ukiuona mapema.

La tatu ni mpira wa kurudishia mafuta. Kwa injekta za sumaku, fundi huchomoa mpira huo, akaweka chupa kwenye kila injekta, akawasha gari aone ipi inarudisha mafuta mengi. Kipimo kizuri. Lakini pizo za Bosch nyingi zina kiungo cha mafuta kati ya kauri na vali, na kiungo hicho kinahitaji njia ya kurudishia iwe na mgandamizo wa kama baa 10 ili kisiishiwe mafuta. Ukiacha mpira wazi, kiungo kinakauka, kauri inasukuma hewa, gari linakataa kuwaka. Hapo ndipo injekta nne nzima zinapohukumiwa kifo kwa mkupuo. Vipo vifaa vya kupimia vinavyoshikilia mgandamizo huo. Usipokuwa navyo, mpira usiuguse.

La nne ni kufunga na kufungua. Injekta imeng'ang'ania kwenye silinda hedi, fundi anachukua nyundo, anaigonga ubavuni. Kauri haipendi kupindwa na haipendi kusokotwa. Itolewe kwa kuvutwa moja kwa moja, na kifaa cha kuivuta kishike kwenye mwili wa chuma, kisishike kwenye soketi. Wakati wa kurudisha, tumia spana yenye kipimo cha mkazo, uache mazoea ya kukaza mpaka mkono ukatae. Na kila injekta ina namba iliyoandikwa mgongoni. Namba hiyo huieleza kompyuta tabia ya injekta hiyo, na kwa baadhi ya aina hueleza hata volti inazozitaka. Ukiweka injekta nyingine bila kuingiza namba yake, kompyuta itaendelea kuiamrisha mpya kwa tabia ya iliyotolewa.

La tano litawahusu ndugu zangu wa kuosha magari. Mbeya ni mji wa baridi na mvua. Ukipeleka maji ya mgandamizo juu ya injini, yanaingia kwenye soketi. Unyevu na volti 100 na zaidi havipatani: umeme unaanza kuvuja juu ya kauri, kidogo kidogo, mpaka unajipatia njia. Funika soketi, au futa injini kwa kitambaa.

Nisionekane nasema na watu wa gereji peke yao. Pizo iko pia kwenye maduka ya kuchapa. Epson walitoa printa yao ya kwanza ya kichwa cha pizo cha aina ya Micro Piezo, Stylus 800, mwaka 1993, na vichwa vya ukoo huo ndivyo vinavyorusha wino kwenye mashine nyingi za kuchapa mabango. Nako mauti hutokea wakati wa kuacha. Umeme unakatika, kichwa kinabaki katikati ya safari badala ya kurudi kwenye mfuniko wake, wino unakauka. Kesho yake kijana anachukua sindano, anasukuma maji kwa nguvu kuzibua, na utando mwembamba unaosukumwa na pizo unachanika. Au anachomeka ule mkanda wa waya mashine ikiwa imewashwa, ukiwa na tone la wino kwenye ncha, na kichwa kinaungua papo hapo. Betri ya akiba inayotosha kuipa mashine dakika chache za kujifunga vizuri ni nafuu kuliko kichwa kipya. Na zima mashine kwa kitufe chake. Swichi ya ukutani ije baadaye.

Kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaochezea vifaa hivi maabara, nina maneno machache ya kitaalamu. Mkitaka kuiendesha pizo kwa kasi, jueni kwanza mtetemo wake wa asili, na mkumbuke kwamba mzigo mnaouweka juu yake unaushusha: uzito unaosogea ukiwa mara 4, mtetemo huo unapungua nusu. Kaeni mbali chini ya hapo. Theluthi moja ni mpaka wa busara. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa mraba wa kasi, yaani mkizidisha kasi mara 2, mvutano unakuwa mara 4. Msitumie umeme wa kupanda ngazi ya ghafla. Upandisheni kwa mteremko usio mfupi kuliko muda wa mtetemo mmoja. Wekeni kikomo cha mkondo, na dayodi ya kuzuia umeme wa kinyume. Angalieni joto pia: kauri nyingi hupoteza mpangilio wake wa umeme kati ya nyuzi 150 na 350, na salama ni kuishia nusu ya hapo. Mkimaliza, msiiache ikielea. Unganisheni waya zake mbili kupitia rizista, kwa sababu hata badiliko la joto la chumba hujaza umeme ndani ya pizo iliyolala, na mkiichomeka hivyo mtaunguza kifaa kinachoiendesha.

Narudi kwa fundi na mteja, kwa sababu kosa hili ni la wote wawili. Fundi wetu amejifunza kwa kutazama, na alichokitazama kilikuwa sahihi kwa injekta aliyokuwa nayo. Vitabu vya watengenezaji vinavyokataza kuchomoa soketi injini ikiwaka havikuandikwa kwa lugha yake. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaweza kuziba pengo hilo kwa karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo matano niliyoyataja, ikabandikwa kila gereji. Mteja naye anamwendesha fundi mbio. "Kaka, nina safari ya Tunduma saa nane, fanya fasta." Fundi akisema anahitaji kuazima mashine ya kupimia, mteja anamuona hajui kazi, anahamia kwa jirani atakayechomoa soketi mbele ya macho yake. Tunawalipa wenye haraka, kisha tunalalamika kwamba gari za Ulaya hazidumu.

Kwa hiyo, mwenye gari, kabla boneti haijafunguliwa muulize fundi wako swali moja tu: "Injekta hizi ni za sumaku au za pizo?" Akijibu kwa uhakika, mwachie kazi na umpe muda anaoutaka. Akisema zote ni sawa, chukua ufunguo wako, umshukuru kwa heshima, utafute gereji nyingine.